Mashine au Mikono: Namna ya Kuamua Gari Lako Lioshwe Vipi

Ukikaa na watu wanaoyapenda magari yao hutakosa kusikia kauli mbili zinazopingana. Mmoja atakuambia kwamba mashine za kuoshea magari zinachuna rangi, na mwingine atashikilia kwamba hakuna kinachoharibu rangi kama ndoo moja na kitambaa kikuukuu. Wote wawili wana haki kwa kiasi chao, kwa sababu kinachokwaruza gari si mashine wala si mkono, bali ni chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya rangi na kitu kinachoisugua. Ukishalielewa hilo, uamuzi unakuwa mwepesi kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa swali la kujiuliza kila mara ni moja tu: mchanga huu utaondoka vipi kabla ya chochote kugusa bodi?

Hatua ya 1: Likague gari lenyewe

Bodi ya gari la kisasa hupakwa tabaka kadhaa, moja juu ya nyingine: rangi ya msingi inayoshika bati, kisha rangi unayoiona, na juu kabisa vanishi angavu inayoleta mng'ao na kukinga rangi dhidi ya jua. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na vanishi peke yake huwa mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Mikwaruzo inayotokana na kuosha hukaa ndani ya tabaka hilo la vanishi, na njia ya kuiondoa ni polishi, ambayo haifanyi kingine ila kuipunguza vanishi mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Kwa hiyo kila kosa la kuosha hulipwa kwa kupunguza kitu ambacho hakiongezeki.

Ili ujue gari lako limeshalipa kiasi gani, subiri giza liingie au liegeshe chini ya paa, kisha washa tochi ya simu na uisogeze taratibu juu ya boneti iliyo safi. Ukiona mistari myembamba inayoizunguka nuru ya tochi kama utando wa buibui, hayo ni mabaki ya miaka ya kusuguliwa na uchafu. Rangi nyeusi na rangi nyingine nzito huonyesha mistari hiyo waziwazi, ilhali nyeupe na ile ya fedha huificha. Mwenye gari jeupe la kazi, lenye mikwaruzo tayari, hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya mashine yenye brashi. Mwenye gari jeusi jipya anayo.

Yapo magari ambayo hayafai kabisa kupita kwenye brashi. Rangi isiyong'aa ni ya kwanza, kwa kuwa haiwezi kupigwa polishi bila kutoka madoa yanayong'aa. Gari lililofunikwa kwa stika bodi nzima nalo lina kingo zinazoweza kunyanyuliwa na brashi. Paa la turubai, rangi iliyopakwa upya wiki chache zilizopita, bampa iliyolegea au kipande cha plastiki kilichofungwa kwa waya, vyote hivyo vinataka mkono. Kuhusu rangi mpya, muulize fundi aliyeipaka ni muda gani inahitaji kukauka hadi ndani, kwa sababu rangi inaweza kuwa kavu kwa kuguswa na bado ikawa laini chini yake.

Hatua ya 2: Tazama ni uchafu wa aina gani

Vumbi jepesi la siku mbili tatu si kitu. Njia yoyote italiondoa. Tope lililokauka na mchanga mzito ni jambo jingine, na gari lililotoka barabara ya udongo lisipelekwe moja kwa moja kwenye brashi wala kwenye sponji, bali kwanza limwagiwe maji mengi ya kutosha hadi yanayodondoka chini yawe meupe.

Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua likikipasha juu ya boneti huanza kula vanishi na kuacha doa ambalo halitoki kwa sabuni. Hiki hakisubiri siku ya kuosha. Loweka kitambaa safi, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika chache mpaka kilainike, halafu kinyanyue kwa kukiinua juu badala ya kukisugua, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna punje ngumu. Wadudu waliogandamana kwenye bampa ya mbele na utomvu wa miti hutendewa hivyo hivyo, na mashine ya kawaida mara nyingi hupita juu yake bila kuving'oa.

Chumvi, iwe ya upepo wa bahari au ile inayomwagwa barabarani katika nchi za theluji, hugeuza hesabu yote. Hapo adui hayuko tena juu ya bodi. Yuko uvunguni, ambako kutu huanzia, na ni vigumu sana kwa mtu mwenye ndoo kufika huko. Mashine yenye mabomba ya kurusha maji kutoka chini huifanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wowote.

Hatua ya 3: Tambua mashine uliyo nayo mbele yako

Neno "mashine" linachanganya vitu vitatu tofauti. Ya kwanza ni ile ya handaki, ambamo gari huvutwa na mnyororo au mkanda likipita kwenye vituo vya maji, povu, brashi, suuza na upepo. Ya pili ni ile ambayo gari husimama na fremu yenye brashi ikaenda mbele na kurudi nyuma. Ya tatu haigusi gari kabisa: hupuliza dawa, huiacha ifanye kazi kwa muda mfupi, kisha husuuza kwa maji ya presha kubwa.

Hii isiyogusa ndiyo salama zaidi kwa upande wa mikwaruzo, lakini ina gharama yake. Kwa kuwa haina cha kusugulia, huitegemea dawa kali, yenye alkali au asidi nyingi kuliko shampuu ya kawaida ya magari, na dawa hiyo huondoa nta uliyoipaka kwa jasho lako. Tena mara nyingi gari hutoka likiwa safi kwa macho, lakini ukipitisha kidole kwenye mlango unaona alama: utando mwembamba wa mafuta na masizi ya barabarani umebaki palepale. Kwa gari linalooshwa mara kwa mara hilo halina madhara makubwa. Kwa gari lililokaa mwezi mzima bila maji, utakuwa umelipia nusu ya kazi.

Kwa mashine zenye brashi, usiamue kwa tangazo la mlangoni. Simama pembeni uangalie gari moja au mawili yakipita. Je, kuna mtu au bomba linalosuuza tope kabla gari halijaingia? Je, povu ni jingi kiasi cha kuteleza, au brashi zinasugua bodi iliyo karibu kavu? Brashi za zamani za nyuzi ngumu za plastiki ndizo zilizozipa mashine jina baya. Nyingi za sasa hutumia vipande vya povu zito au vya kitambaa laini, ambavyo ni afadhali sana, ili mradi visafishwe. Ukiona tope limeganda kwenye vipande hivyo, au pikapu iliyotapakaa udongo imetangulia mbele yako na hakuna aliyeisuuza, geuza gari. Mchanga wa pikapu hiyo sasa umo kwenye brashi, na wewe ndiwe unayefuata.

Hatua ya 4: Na mkono je, ni wa nani?

Watu wengi wakisema "kuosha kwa mkono" huwa na maana ya kumlipa mtu mwingine aoshe kwa mkono. Hiyo ni njia ya tatu, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote mbili, si kwa sababu waoshaji ni wazembe, bali kwa sababu kazi yao ni ya haraka na vifaa vyao ni vichache. Ndoo moja ikitumika kuosha magari sita, gari la sita linaoshwa kwa tope la matano. Kitambaa kilichofuta rimu, ambako vumbi la breki lina chembe za chuma, kikirudi kwenye boneti, hakuna brashi ya mashine itakayokifikia kwa uharibifu.

Mambo ya kutazama kabla ya kukabidhi ufunguo ni haya: maji ya ndoo yana rangi gani, kitambaa cha matairi ni tofauti na cha bodi au ni kile kile, na gari linamwagiwa maji kwanza au linaanza kupigwa sponji likiwa kavu. Hakuna ubaya kuomba maji yabadilishwe. Mwoshaji anayejua kazi hatachukia, na anayechukia amekupa jibu.

Inafaa kukumbuka kwamba hata historia haitenganishi sana mkono na mashine. Huduma ya mwanzo kabisa iliyojiita ya kujiendesha, iliyofunguliwa Detroit nchini Marekani mwaka 1914, haikuwa na mtambo wowote wa maana: magari yalisukumwa na watu kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi mwingine, huyu akipaka sabuni, yule akisuuza, wa mwisho akikausha.

Hatua ya 5: Pima maji, mahali na muda

Mpira wa maji ulioachwa wazi hutoa lita 10 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo anayeosha kwa robo saa bila kuufunga anaweza kumwaga lita 150 hadi 300. Mashine nyingi za handaki huchuja maji yao na kuyatumia tena, kwa hiyo hudai maji mapya kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Hata hivyo mtu mwenye ndoo mbili na mpira wenye bastola ya kufunga na kufungua anaweza kuzishinda zote.

Maji hayo yanakwenda wapi nalo ni swali. Ya mashine kwa kawaida hupita kwenye mashimo ya kutenganisha mafuta na tope. Ya nyumbani mara nyingi hukimbilia mtaro wa mvua na kuishia mtoni. Baadhi ya miji imekataza kuosha magari barabarani kwa sababu hiyo, basi ulizia kanuni za unakoishi.

Muda hauhitaji maneno mengi. Mashine humaliza kwa dakika chache, na kuosha kwa mkono vizuri huchukua takriban saa nzima. Ikiwa huna saa hiyo, usilioshe gari kwa mkono vibaya kwa dakika kumi. Nenda kwenye mashine isiyogusa.

Hatua ya 6: Amua

Kwangu mimi mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Rangi ikiwa nyeusi, mpya, isiyong'aa au yenye stika, gari lioshwe kwa mkono wako, na mashine isiyogusa iwe ya dharura. Gari likiwa la kazi, lenye rangi iliyokwisha kuchoka, mashine ya brashi laini inayosuuza kwanza inatosha kabisa. Penye chumvi nyingi, usafishaji wa uvungu kwa mashine usikosekane hata kama bodi unaiosha mwenyewe. Na ukiwa huna uhakika, chagua kile kinachoigusa rangi mara chache zaidi.

Hatua ya 7: Ukichagua mashine

Funga madirisha na kidirisha cha paa. Fungua antena ya kuzungusha uiweke ndani, na ukunje vioo vya pembeni. Ondoa keria iliyolegea, na kama una pikapu hakikisha hakuna kamba, kopo wala kipande cha mbao nyuma, kwa kuwa brashi ikikiokota itakipigiza kwenye gari lako na pengine kwenye la nyuma yako.

Kisha shughulikia mambo yanayojiwasha yenyewe, maana hapa ndipo magari mapya huwasumbua wenyewe. Waipa zenye sensa ya mvua zizimwe, la sivyo zitaanza kufuta katikati ya brashi na kuvunjika. Kwenye baadhi ya magari yasiyotumia ufunguo wa kuchomeka, maji yakipiga kitasa au brashi ikigusa kitufe cha buti, mlango wa nyuma hufunguka ikiwa ufunguo uko karibu. Kwenye mashine ya handaki gari huwekwa nyutro na mguu hutolewa kwenye breki. Gari lenye breki ya mkono ya umeme linaweza kujifunga lenyewe likikaa hivyo, kwa hiyo soma kitabu cha gari siku moja kabla, si ukiwa kwenye foleni. Magari mengi ya umeme yana chaguo maalumu la kuoshea kwenye skrini, ambalo hufunga kifuniko cha kuchajia na kuzima sensa kwa pamoja. Mwenye rimu pana zinazojitokeza nje ya tairi naye aangalie reli za kuongoza magurudumu, kwani ndizo huzichuna kingo za rimu.

Ukifika kwenye orodha ya huduma, lipia suuza ya awali na uvungu, uache nta ya kupuliziwa. Nta hiyo ni nyembamba sana na hudumu siku chache tu.

Hatua ya 8: Ukichagua mikono

Osha kivulini, bati likiwa limepoa. Boneti nyeusi iliyokaa juani inaweza kuzidi nyuzi 60, na sabuni ikimwagwa juu yake hukauka kabla hujaigusa na kuacha madoa meupe ya chokaa.

Andaa ndoo tatu: moja ya maji ya shampuu ya magari, moja ya maji matupu ya kusuuzia, na moja ya magurudumu yenye brashi yake ambayo haitagusa kitu kingine. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kuondoa mafuta, na itaiondoa nta pamoja nayo. Itumie tu siku unayokusudia kupaka nta upya. Badala ya sponji, tafuta glavu ya maikrofaiba au ya sufi. Sponji ina uso bapa unaoubana mchanga dhidi ya rangi, ilhali nyuzi ndefu za glavu huuruhusu uzame ndani, mbali na bodi.

Anza na magurudumu, ili maji machafu ya rimu yasirukie bodi iliyokwisha kuoshwa. Halafu suuza gari zima kutoka juu kwenda chini, ukikaa zaidi kwenye madigadi na sehemu za chini za milango. Ukitumia mashine ya presha, ncha yake iwe ile ya kutawanya maji, na iwe umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye rangi; usiielekeze kwa karibu kwenye ukuta wa tairi, raba za milango, sensa za bampa wala kwenye nyaya za injini.

Sasa chovya glavu kwenye shampuu na uanze paa. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, uzito wa glavu yenyewe ukitosha. Ukimaliza kipande kimoja, kama nusu ya paa, itie glavu kwenye ndoo ya maji matupu, uisugue dhidi ya ukuta wa ndoo, uikamue, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona ni usumbufu wa bure, mpaka nilipomwaga ndoo ya kusuuzia mwishoni na kukuta kitakoni mchanga wa kujaa kiganja. Mchanga wote huo zamani nilikuwa nikiurudisha kwenye boneti. Fuata vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa nusu ya chini pamoja na bampa, ambako ndiko kwenye uchafu mzito.

Glavu ikianguka chini, kazi yake siku hiyo imekwisha. Usiipige-pige ukaendelea nayo. Niliwahi kufanya hivyo kwa kukosa nyingine, na mlango wa kushoto ulibaki na alama kwa miaka yote niliyokuwa na gari lile.

Suuza kila sehemu kabla sabuni haijakauka. Mwishoni toa bastola kwenye mpira na uache maji yatiririke polepole kutoka paani: yatajivuta yenyewe kama shuka na kubakiza matone machache. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba, ukililaza juu ya bodi na kulivuta taratibu, au kulibonyeza tu linyonye.

Hatua ya 9: Kagua kazi

Gari likikauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na uteleze vidole juu ya boneti. Mfuko huongeza hisia ya vidole kwa namna ya ajabu. Ukihisi mkwaruzo kama wa msasa laini juu ya rangi inayoonekana safi, hizo ni chembe zilizojishikiza kwenye vanishi, na hakuna mashine wala glavu itakayozitoa. Zinahitaji udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na kilainishi chake. Iwapo rangi ni laini kama kioo, hamna haja ya kuigusa tena.

Kabla ya kuegesha, endesha mwendo mdogo na ukanyage breki mara mbili tatu ili diski zikauke. Zikiachwa mbichi usiku kucha hushika kutu ya juu juu, na asubuhi utasikia zikikwaruza. Glavu na mataulo yafuliwe peke yake bila dawa ya kulainishia nguo, ambayo huziba nyuzi zisinyonye maji, kisha yaanikwe pasipo vumbi na kuhifadhiwa kwenye mfuko uliofungwa.